Bei ya programu inapatanwa pia: Leta isome kontra mbele ya kusaini



Kila mutu hapa anajua namna mama mwenye duka wa Butembo ananunua mali. Akiwa Guangzhou ao Dubai, hakubali bei ya kwanza. Anashika kitambaa, anakivuta, anauliza bei ya vipande mia, kisha bei ya vipande elfu, anatoka inje, anaingia kwa jirani, anarudi. Mbele ya kulipa anajua ni nani atapeleka kontena hadi Mombasa, ni nani atalipa ikilala sana bandarini, na ni gharama gani zinamungojea Kasindi. Hakuna mutu alimufundisha ile darasani. Ni hivyo muji huu ulijengwa.

Lakini mama huyuhuyu, ili apande ndege, alihitaji paspoti. Na tangu mwaka 2015 hadi 2020 bei ya paspoti ya Congo ilikuwa dola 185. Yeye aliyezoea kupatana bei ya kila kitu, pale hakuwa na mutu wa kupatana naye. Bei ilikwisha kupangwa Kinshasa mwezi wa 6 mwaka 2015, katika kontra ya miaka 5 na kampuni ya Ubelgiji inaitwa Semlex. Mwezi wa 4 mwaka 2017 shirika la habari Reuters likafungua hesabu: katika zile dola 185, serikali yetu ilikuwa inabaki na dola 65 tu. Dola 120 zilienda kwa makampuni, na katika hizo dola 60 ziliingia kwa kampuni inaitwa LRPS, yenye makao Ras al-Khaimah, kule Falme za Kiarabu. Ni kusema, kila mutu wa Beni aliyelipa paspoti aende kutibiwa India, alilipa dola 60 kwa kampuni ambayo hajawahi kusikia jina lake.

Kontra ile ilipokwisha, bei ikashuka hadi dola 99. Mwaka 2025 serikali ikatangaza paspoti mupya ya dola 75. Ni paspoti tu, na mipaka ni ileile. Tofauti ya dola 110 kwa kila kichwa haikuwa karatasi wala wino. Ilikuwa kontra.

Juu ya nini tunarudilia habari hii leo? Sababu kontra za namna hii hazikuishia kwenye paspoti. Paspoti ya kisasa ni kitabu kidogo na programu kubwa nyuma yake: mashine za vidole, seva, hifadhi ya majina, na kampuni inayolipwa kwa kila kichwa. Ndivyo pia inauzwa programu ya kukusanya takisi za muji, programu ya hospitali, ya mishahara, ya shule, ya koperative ya akiba. Muuzaji anasema: "Hamutatoa feza nyingi leo, mutalipa kidogo kidogo kwa kila mutumiaji." Na anayekaa mezani kusaini, mara nyingi si yeye atakayelipa.

Na muda huu ni wa hatari zaidi kwetu. Tangu Goma ianguke mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, serikali ya mukoa imehamia Beni. Biro zinafunguliwa, odinatere zinanunuliwa, kazi zilizokuwa zinafanyika Goma zinatafuta mahali pa kukaa. Mahali penye ofisi mupya, wauzaji wa programu hawakosi. Wanakuja na mashati safi na onyesho zuri kwenye ukuta. Hatusemi ni wezi. Muuzaji yupo kwa ajili ya kuuza. Tunauliza tu: upande wa pili wa meza kuna nani?

Maana tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 tuko chini ya hali ya dharura, ile wote wanaita état de siège. Asamble ya mukoa haikai kuuliza maswali. Gavana ni wa jeshi, na miji yetu inaongozwa na wanajeshi ao polisi. Kazi yao ya kwanza, tunajua, ni vita na usalama wa watu, na ADF wangali wanaua watu wetu mashambani. Lakini ofisi isiyoulizwa na mutu inaweza kusaini kitu cha miaka 10 kwa siku moja, na siku ile hakuna atakayejua. Wale watakaokuja nyuma yao watakuta imekwisha.

Tuseme sasa namna bei hizi zinafanywa, sababu wengi wanaogopa habari ya programu wakifikiri ni ya wasomi wa informatike. Si kweli. Ni biashara.

Mwenzetu mumoja anashika hesabu katika depo moja ya dawa hapa Butembo. Walinunua programu ya kufuata stoki na faktura. Bei ilikuwa dola 40 kwa mwezi kwa kila mutumiaji, lakini mwaka wa kwanza wakapewa nusu bei. Watumiaji walikuwa 5, kwa hiyo wakalipa dola 1.200 kwa mwaka, na bosi akafurahi. Mwaka wa pili punguzo likakwisha. Tena muuzaji akahesabu watumiaji 9, sababu kila mufanyakazi wa gala aliyewahi kufunguliwa jina ndani ya programu, hata yule aliyeacha kazi, alikuwa angali anahesabiwa. Faktura ikawa dola 4.320. Walipokawia kulipa, asubuhi moja wakafungua odinatere: lisansi imekwisha, mlango umefungwa. Stoki yote ilikuwa ndani, na tarehe za dawa kuharibika zilikuwa ndani. Walihesabu makaratoni kwa mukono siku tatu, kisha wakalipa. Hakuna sheria iliyovunjwa. Yote ilikuwa imeandikwa katika kontra, ukurasa wa 11, kwa Kingereza, na hakuna mutu pale depo aliyesoma ukurasa wa 11.

Ile ndiyo siri yenyewe: bei ya kuingia ni ndogo, bei ya kutoka ni kubwa. Muuzaji mwenye akili hakuumizi siku ya kwanza. Anakungoja siku ambayo majina ya wagonjwa wako, madeni ya wateja wako, takisi za muji wako, vyote viko kwake na wewe huna namna ya kuvitoa.

Wakubwa wa dunia wanafanya vilevile, na makampuni yenye wanasheria mia yanalia. Oracle ya Marekani, ukinunua lisansi yake, inaomba tena kila mwaka asilimia 22 ya bei kwa ajili ya matengenezo. Piga hesabu: miaka 5 ni asilimia 110, umelipa programu mara ya pili na ukaongeza. Mwezi wa kwanza mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ikabadilisha namna ya kulipisha Java. Zamani ulilipia watu na mashine zinazoitumia. Sasa unalipia wafanyakazi wote wa kampuni, hata mulinzi wa mulango ambaye hajawahi kugusa odinatere, dola 15 kwa kichwa kwa mwezi kwa kampuni zenye watu chini ya 1.000. Na mwisho wa 2023, Broadcom ilipomaliza kununua VMware, iliacha kuuza lisansi za kudumu. Ukitaka kuendelea, ulipe kila mwaka kama kodi ya nyumba. Wengi waliofikiri wamejenga nyumba yao wakajikuta wapangaji.

Hapa Congo tulionja kitu kingine cha ukoo huohuo: RAM. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2020, kwa jina la kuandikisha simu, kila mwenye simu kubwa alikatwa dola 7 kwa mwaka na mwenye simu ndogo dola moja. Mama muuza makala wa Mulekera alitia yuniti asubuhi, mchana akakuta zimekwenda. Vijana walipiga kelele, wabunge wakauliza, na mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa. Nyuma ya RAM pia kulikuwa na kampuni ya kibinafsi yenye fungu lake katika kila dola, kwa kontra ambayo raia hakuionyeshwa mbele ya kukatwa. Tulipiga kelele nyuma ya kulipa. Safari hii tunataka kuuliza mbele.

Ndugu zetu wa Kenya wako ndani ya jambo hili wakati huu. Serikali yao ilipobadilisha bima ya afya kuwa SHA, ilichukua programu kwa muungano wa makampuni matatu, Safaricom, Konvergenz na Apeiro, kwa shilingi bilioni 104,8. Mwezi wa 3 mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wao, Nancy Gathungu, ikaweka wazi mambo mawili ambayo kila mutu wa Butembo anaweza kuelewa bila diploma. La kwanza: serikali inalipa lakini programu si yake, haina umiliki wala usimamizi wa mfumo. La pili: kontra inaizuia serikali kutengeneza mfumo mwingine unaofanana. Ni kama ukodi piki-piki kwa bei ya kununua, kisha mwenye piki-piki akukatalie kununua baiskeli. Tena kazi ile haikupitia ushindani wa wazi. Na malipo yanakatwa katika michango ya wanainchi na katika feza zinazodaiwa na hospitali, kwa hiyo kila mugonjwa anachangia bila kujua.

Tanzania wamejaribu njia ingine. Kwa miaka mingi Leta yao ililipa kwa kutumia programu ya kununua, Epicor. Sasa wanatumia MUSE, iliyotengenezwa na watu wao. Kwa manunuzi ya Leta pia, walikuwa na mfumo wa TANePS uliojengwa na kampuni ya Ulaya, na mwaka 2023 wakaanza NeST, wa kwao. Hatuandiki hii ili tuseme kila kitu kitengenezwe Butembo kesho. Tanzania ina mamlaka yake ya serikali mtandao, ina sheria ya mwaka 2019, na wahandisi wanaolipwa mshahara kila mwezi. Sisi tuna vijana wengi waliosoma informatike wanaouza yuniti kando ya barabara. Na tuseme ukweli hata kama unatuuma: tumeona pia programu zilizotengenezwa na kijana wa hapahapa, nzuri, za bei ndogo, kisha kijana akaenda Kampala na mot de passe kichwani. Kufungwa na mutoto wa jirani ni kufungwa vilevile. Kontra ni ya lazima kwa muuzaji wa Brussels na kwa ndugu yetu wa Vulamba.

Lakini si kweli pia kwamba hakuna kingine isipokuwa kununua. Zones de santé zetu, Butembo, Katwa, Beni na zingine, zinatuma hesabu za wagonjwa kupitia DHIS2, programu iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na lisansi yake hailipwi hata franga moja. Katika miaka ya Ebola, kutoka tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, tuliona hapa thamani ya hesabu inayofika kwa wakati. Programu ya bure si kazi ya bure: unalipa seva, unalipa mutu wa kuitunza, unalipa mafunzo. Lakini mutu yule akikusumbua unamubadilisha na programu inabaki. Na ukienda kupatana na muuzaji mkubwa huku una njia ya bure mukononi, hata kama huna nia ya kuitumia, bei yake inashuka mbele ya kukaa vizuri kwenye kiti. Mama wa Guangzhou anajua: bei inashuka ukiwa umeshika mulango.

Tena wakati. Wauzaji wa makampuni makubwa wana hesabu ya kutimiza kila miezi mitatu, na kubwa zaidi ni mwisho wa mwaka wao. Kwa Oracle ni tarehe 31 mwezi wa 5, kwa Microsoft ni tarehe 30 mwezi wa 6. Muuzaji anayekuambia "punguzo hili linakwisha Ijumaa" anasema ukweli nusu: linakwisha kwake, si kwako. Yeye ndiye anaogopa Ijumaa. Ofisi inayokimbilia kusaini kwa sababu ya Ijumaa ya mutu mwingine imekwisha kupoteza. Na ile "bei ya liste" msiiheshimu sana, imewekwa juu ili kuwe na kitu cha kupunguza. Kinachopaswa kupatanwa kwa nguvu si punguzo la mwaka wa kwanza, ni bei ya mwaka wa tatu: iandikwe kabisa kwamba haiwezi kupanda zaidi ya asilimia fulani. Kama muuzaji anakataa kuandika, amekwisha kukujibu.

Kuna swali moja ambalo wauzaji wa mbali hawalijui, na sisi tunalijua kwa uchungu: programu inafanya nini intaneti ikikatwa? Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018 Beni na Butembo tulinyimwa kura ya raisi wakasema ni sababu ya Ebola. Watu wa Beni wakapiga kura yao wenyewe kwa karatasi. Kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima, karibu siku 20. Programu inayoomba ruhusa kwa seva ya Ulaya kila asubuhi ingelikuwa imekufa siku zile 20, na hospitali ingerudi kwenye daftari. Hapa kwetu umeme unakatika, mutandao unakatika, barabara inakatika, na wakati mwingine muji mzima unahama usiku. Kontra inayosema "malipo yakikawia siku 15 tunafunga" haikuandikwa kwa ajili ya mahali ambapo benki inaweza kufunga mulango siku adui anaingia. Waulize wa Goma.

Na data zinalala wapi? Majina, vidole, namba za simu, nani anadaiwa, nani alipimwa ugonjwa gani. Katika mukoa wenye vita, orodha ya majina si kitu cha kuchezea. Inchi yetu ina Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inayozungumza juu ya ulinzi wa data za watu. Basi kontra ituonyeshe ni nani anaruhusiwa kuzifungua, nakala iko mahali gani ndani ya inchi, na siku tukiachana na muuzaji atazirudisha kwa umbo gani na ndani ya siku ngapi. Kwa umbo linalofunguka kwenye programu ingine, si kwa karatasi elfu kumi zilizochapishwa. Wako waliorudishiwa hivyo.

Watatuambia: vijana, hii ni siri ya biashara. Tumekwisha sikia. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2011 kuna dekre inayolazimisha serikali kutangaza kontra za mali ya asili, madini, mafuta, misitu. Haifuatwi kila mara, tunajua, lakini hakuna tena mutu anayesema kwa sauti kwamba kontra ya dhahabu ni siri. Kama kontra ya dhahabu inatangazwa, kontra ya programu inayokata feza katika simu ya muuza makala inafichwa sababu gani? Na sheria ya manunuzi ya Leta, namba 10/010 ya tarehe 27 mwezi wa 4 mwaka 2010, inasema ushindani ndio kanuni, na gré à gré ni ya nafasi zilizohesabiwa. Dharura ya vita ni ya kununua dawa na mahema. Programu ya miaka 5 si dharura.

Wengine watasema hakuna muuzaji atakubali masharti kutoka kwa mukoa maskini wenye vita. Ndugu, Semlex ilikuja. Wa RAM walikuja. Hawakuja kwa huruma. Walikuja sababu tuko wengi, tunalipa, na tulikuwa hatuulizi. Muji wa Butembo peke yake una wafanyabiashara, mashule, hospitali na koperative ambazo kila moja inapatana peke yake, gizani, na kila moja inaambiwa "hii bei ni yenu tu, musiwaambie wengine." Koperative tatu zikikaa pamoja zikaonyeshana faktura, kesho yake muuzaji atapiga simu yeye mwenyewe.

Tumeandika barua, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwa ofisi ya Gavana hapa Beni na kwa Mameya wa miji yote miwili. Tunaomba orodha ya programu zote ambazo mukoa na miji inalipia ao ina mpango wa kulipia, pamoja na jina la muuzaji, bei kwa mwaka, muda wa kontra, na jina la aliyesaini. Tunaomba kwamba tangu sasa kontra ya programu inayogusa feza ao majina ya raia ibandikwe kwenye mulango wa ofisi siku 30 mbele ya kusainiwa, na isisainiwe kwa zaidi ya miaka 3 wakati asamble ya mukoa haikai. Hatujaomba programu yoyote ifutwe. Labda ziko nzuri. Tunataka kusoma.

Tutapeleka barua kwa miguu, kwa utulivu, mikono mitupu kama kawaida yetu. Mbele ya siku ile tunaomba wenye duka, wahasibu, madaktari, wakuu wa shule na wanafunzi wa informatike watuletee kontra za programu walizosaini, hata zile za aibu. Jina la nyumba yenu na la muuzaji tutayafunika. Tunataka ukurasa wa bei na ukurasa wa kutoka, ili siku tutakapoingia ndani tuwe tumesoma kuliko yule anayetungoja.